Dawa ya Kichwa cha Jana

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na duka dogo Kibwezi, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Niliuza vipuri vya malori, mafuta ya taa, sukari, majani ya chai na, kama yalivyo maduka yote ya njiani, vidonge vya kichwa na pakiti za Eno. Nilifungua mapema, mara tu baada ya sala ya alfajiri, na wateja wangu wa kwanza walikuwa madereva na utingo wao. Wale wa bara walisema haja yao kwa sauti. Lakini vijana wetu wa pwani, wakiiona kofia kichwani mwangu, walisogea hadi ukingoni mwa meza, wakainama na kuninong'oneza: "Ami, huna dawa ya kichwa cha jana?"

Dawa nilikuwa nayo, au nilidhani ninayo. Niliwauzia, nikapokea pesa, na sikuuliza neno. Niliona kwamba huko kunyamaza ndiko kusitiriana. Leo naandika makala haya kwa sababu kunyamaza kule kulichangia kumponza mtu.

Najua wako watakaosema kwamba habari za ulevi na kigegezi cha asubuhi si za kuandikiwa watu wa kwetu. Watauliza: Mwislamu ana haja gani ya kujua namna ya kuzuia uchovu wa pombe? Si asinywe tu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake la kwanza ni hilo hilo: asinywe. Hukumu ya kileo kwetu haina mjadala, imekatwa tangu karne kumi na nne zilizopita. Lakini hukumu kuwapo ni jambo moja, na watu kuifuata ni jambo jingine. Tukijifanya kwamba vijana wetu hawanywi, tutakuwa tunajidanganya wenyewe, na udanganyifu huo gharama yake hailipwi na sisi tukaao barazani.

Kwa asiyeijua Kibwezi, ni mji ulioko katika nchi ya Wakamba, katika kaunti ya Makueni, karibu kilomita 200 kutoka Nairobi. Ni nchi ya joto, ya mibuyu na mkonge, na milima ya Chyulu huonekana kwa upande mmoja. Wamisheni wa Kiskoti walipiga kambi hapo mwaka 1891, kabla reli haijafika, na baada ya miaka michache wakahamia Kikuyu. Wakaja watu wa reli, wakaja wenye mashamba ya mkonge, wakaja wenye malori. Reli mpya ilikuja kupita hapo mwaka 2017, lakini malori hayakuacha kupita. Dereva atokaye Mombasa na shehena hufika hapo amechoka, macho mekundu, na nyumbani kwao ni mbali.

Na hapo ndipo ulipo mtego. Nyumbani kijana huyo ana mamake, ana maalimu wake wa chuoni, ana jirani wa kumwona akipita. Kibwezi hana. Jioni hushuka kwenye lori, akaoga, akakaa penye taa za rangi, na akiulizwa hujibu kwa methali yetu wenyewe: msafiri kafiri. Wazee waliosema methali hiyo walikuwa wakimwonea huruma msafiri aliyeshindwa kutimiza ada zake kwa sababu ya taabu za njia. Hawakumpa leseni ya kwenda baa.

Tuje sasa kwenye dawa zenyewe, kwani nimezisikia zote. Kuna wasemao unywe maziwa kwanza, au ule nyama ya mafuta, ili tumbo lijipake. Kuna wa kahawa chungu. Kuna wa ndimu na chumvi. Kuna wa supu ya miguu yenye pilipili. Vijana wa Kenya huita kazi hiyo "kutoa loki", na wenzetu wa Tanzania husema "kuzimua", na wengi wao huzimua kwa pombe ile ile iliyowaangusha usiku. Mwaka 2005 wataalamu waliokusanya majaribio yaliyokwisha fanywa juu ya dawa za namna hii waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa hata moja huzuia au hutibu uchovu wa pombe. Kinga waliyoitaja ni kuacha, au kupunguza.

Si vigumu kufahamu kwa nini. Kileo kikiingia tumboni huingia katika damu, na kazi ya kukiondoa ni ya ini. Ini kwanza hukigeuza kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi, ambacho ni kikali kuliko kileo chenyewe, kisha hukigeuza tena kuwa asidi isiyodhuru, kama ile ya siki. Wakati huo huo kileo huzuia mwili usihifadhi maji yake, ndiyo sababu mnywaji huenda haja ndogo mara kwa mara na kuamka na koo kavu. Tumbo nalo limechubuka. Basi kichwa kuuma, moyo kuchafuka, mikono kutetemeka, yote hayo ni hesabu ya usiku inayoletwa asubuhi.

Ini halina haraka, wala halihimizwi. Chupa moja ya bia ya nusu lita hulichukua saa mbili au zaidi kuimaliza. Chakula kikitangulia, kileo huingia katika damu polepole, hilo ni kweli, lakini huingia. Kahawa humwamsha mlevi, haimlevui. Hapo utakuwa na mlevi aliye macho. Maji humpunguzia kiu na ukavu, na ni mema, lakini hayalifanyi ini likimbie. Na huko kuzimua ni kuahirisha deni: ini huacha kazi ya jana likashughulikia ya leo, na kesho deni hurudi na riba yake. Sisi tuliofundishwa uharamu wa riba tungepaswa kulielewa hilo upesi.

Mtaniuliza juu ya asali, maana Kibwezi ni nchi ya asali. Wakamba ni mabingwa wa nyuki tangu zamani, na mizinga yao ya magogo utaiona ikining'inia mitini. Sisi twaijua heshima ya asali katika Kitabu chetu. Basi wako vijana walionijia wakitaka asali, wakiamini kwamba kijiko kimoja kitafuta yote. Asali ni chakula na ni tiba, na mtu aliyekesha bila kula itampa nguvu kidogo. Lakini haifuti. Tena asali hiyo hiyo, ikichanganywa na maji na kutiwa vipande vilivyokaushwa vya tunda la mwegea, lile tunda refu ambalo Wakamba huliita muatine, huchacha na kuwa kaluvu, pombe ya wazee wao. Kitu kimoja, na njia mbili. Mwenye kuchagua ni mwanadamu.

Tena iko hatari katika dawa zile nilizokuwa nikiuza. Vidonge vya parasetamoli huvunjwa na ini lile lile lililokwisha chokeshwa, na mtu anywaye sana akivimeza kwa wingi huweza kuliua ini lake. Aspirini nayo huchubua tumbo ambalo tayari limechubuka, na kuna watu waliotapika damu kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa nikikata vidonge vinne kwa mkasi na kumpa mtu kama nimpaye peremende.

Sasa nitasema kisa kilichonifanya niandike. Ilikuwa mwaka 2011. Asubuhi moja walinijia madereva wawili wa pwani, watu niliowafahamu kwa sura na salamu. Wakataka Eno na vidonge. Wakasema kwamba utingo wao ana homa, anatapika tangu alfajiri. Nikawatazama. Walinukia. Nilijua kwamba hiyo si homa, nao walijua kwamba najua. Nikawapa walichotaka, nikasema, "Mwenyezi Mungu amponye," wakaenda zao.

Mchana wakarudi. Sasa walitaka supu, na wakaniomba mtungi wa maji. Kijana walikuwa wamemfungia chumbani katika nyumba ya kulala wageni, nyuma ya duka langu. Nikaona nimpelekee maji mwenyewe. Nilimkuta amelala chali, anahema mbio mbio kama aliyepanda mlima. Dirisha lilikuwa wazi, na jua la Kibwezi la saa saba mchana lilikuwa limekijaza chumba. Kijana akanisikia, akageuza uso, akasema: "Ami, nani amezima taa?"

Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya ulevi. Aliyeelewa ni mama mmoja wa Kikamba aliyeuza chai na mahamri mlangoni mwa nyumba ile, ambaye wateja wake wote humwita mwaitu, yaani mama yangu. Nilipomsimulia akaacha birika lake jikoni. Alikuwa amezika jamaa yake katika msiba wa pombe ya sumu uliotokea Machakos mwaka 2005. Akaniambia, "Huyo hajalewa. Huyo amekunywa dawa. Mpelekeni hospitali sasa hivi, na mwambieni daktari alichokunywa."

Na hapo, msomaji, ndipo nilipoona aibu yetu ilivyo na nguvu. Wale madereva wawili walisita. Mmoja akasema, "Lakini ami, tutasema nini? Kwao ni watu wa dini. Habari zikifika Mombasa je?" Mwenzao yu kufa, nao wanafikiri habari za Mombasa. Wala siwalaumu peke yao, kwani hata mimi, tangu asubuhi hadi saa saba, nilikuwa nikifikiri jambo lile lile kwa njia yangu.

Tulimpeleka. Alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Macho hayakurudi. Kwao walielezwa kwamba ni homa iliyopanda kichwani, na mpaka leo nasikia kwamba wengine husema ni jicho la hasidi. Sitamtaja jina wala mtaa, na sitaongeza zaidi ya hayo.

Alichokunywa kijana yule, kama alivyotueleza daktari, ni methanoli. Hiyo ni ndugu ya kileo cha kawaida, ladha yao hukaribiana, na mnywaji hawezi kuzitofautisha. Hutumika viwandani, katika rangi na vimiminiko vya kusafishia. Mwuzaji mwenye tamaa huitia katika pombe ili iwe kali na imgharimu kidogo. Mwilini ini huigeuza, kama ligeuzavyo kileo, lakini kinachotoka hapo ni asidi ya fomiki, ile ambayo sisimizi humwagia adui yake. Asidi hiyo hukusanyika katika damu na kuushambulia mshipa wa jicho. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haina haraka. Mtu hulala, huamka, hupita saa kumi na mbili au hata siku nzima, ndipo kigegezi, maumivu ya tumbo na ukungu machoni vinapomjia. Na kwa kuwa huja asubuhi au mchana wa pili, kila mtu husema: ni kichwa cha jana hicho, mpeni supu.

Usifikiri kwamba hayo ni mambo ya nadra. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika vitongoji vya Nairobi kwa pombe ya namna hiyo. Mwaka 2005 ukawa ule msiba wa Machakos, wakafa zaidi ya 40. Mei 2014 ikawa zamu ya Embu, Kitui, Makueni, Kiambu na kwingineko, na waliokufa walipita 80, mbali na waliopofuka. Februari 2024 watu zaidi ya 10 wakafa Kirinyaga. Wako wanaosema kwamba hatari ni chang'aa ya vichochoroni tu. La. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, na sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu ipikwe na kutiwa chupani kwa taratibu. Hata hivyo, katika maafa ya mwaka 2014 baadhi ya waathiriwa walikuwa wamekunywa pombe iliyotiwa chupani na kubandikwa nembo. Karatasi ya rangi haizuii sumu.

Dawa ya sumu hiyo iko, lakini iko hospitali. Madaktari huweza kuizuia isigeuzwe mwilini, huiondoa asidi, na huweza kuisafisha damu kwa mashine. Lakini kila saa ipitayo hupunguza matumaini. Saa zile sita tulizompa kijana yule supu na Eno na stara, hazikurudi.

Sasa turudi kwenye stara, kwa kuwa ndilo neno tulilojificha nyuma yake. Ni kweli kwamba dini yetu inatufundisha kumsitiri Mwislamu, tusichunguze wala tusitangaze. Lakini kusitiri kosa la mtu si kumficha mgonjwa. Ukinyamaza juu ya aliyekunywa, hiyo ni stara. Ukimfungia chumbani asionekane na daktari, hilo ni jambo jingine kabisa, na sijui sheikh yeyote aliyelihalalisha. Tumefundishwa kwamba miongoni mwa mambo ambayo sheria ya Kiislamu imekuja kuyalinda ni nafsi na akili. Kileo kimeharimishwa kwa kulinda akili. Itakuwaje basi kwa ajili ya uharamu huo huo tuiache nafsi ipotee?

Tena tunayo mafunzo ambayo tumeyasahau. Imepokewa katika hadithi zilizo sahihi kwamba mtu mmoja aliletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa amelewa, si mara ya kwanza. Akaadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume akakataza kulaaniwa mtu huyo, na katika mapokezi mengine akawakanya wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Tazama jambo hilo: kosa halikuhalalishwa, na mwenye kosa hakutupwa. Sisi tumefanya kinyume. Mlevi tumemtupa kwa maneno, halafu tukashangaa kwamba anakwenda kunywa mbali, gizani, kwa watu wasiomjua, pombe asiyoijua.

Kwa hiyo yafaa niseme waziwazi yale ambayo ningependa kila dereva ayajue, na kila mama wa dereva. Kinga ya kichwa cha jana ni moja, nayo ni kutokunywa. Aliyekwisha kunywa, mpeni maji kidogo kidogo, au maji yenye chumvi na sukari kama yale ya mtoto anayeharisha, na chakula chepesi akikiweza. Msimlaze chali, mlazeni ubavu, ili akitapika asipaliwe. Msimpe vidonge kwa pupa, wala msimzimue. Akiwa haamki akiitwa, au anahema kwa shida, au anatapika bila kukoma, au akisema kwamba haoni vizuri, anaona ukungu, anaona giza mchana, hapo msingoje hata chai ichemke. Hospitali. Na daktari aambiwe ukweli, kwa sababu daktari aliyeambiwa malaria atatibu malaria.

Na dereva asiguse usukani. Aliyekunywa chupa tano mpaka saa sita ya usiku, akiamka saa kumi na moja alfajiri bado amelewa, hata kama ameoga na kunywa birika zima la kahawa. Ini lake lina kazi mpaka karibu na adhuhuri. Wangapi wamelala katika barabara ile, kati ya Mtito Andei na Salama, na wangapi wamelazwa nao ambao hawakunywa kitu!

Masheikh wetu nawaomba jambo moja. Hotuba za Ijumaa juu ya ubaya wa ulevi tunazisikia, na ni za haki. Waongeze maneno machache tu juu ya mlevi mwenyewe: kwamba mlango wa msikiti haujafungwa mbele yake, kwamba akiugua apelekwe kutibiwa, na kwamba mwenzake asiyempeleka kwa kuogopa aibu atakuja kuulizwa. Misikiti iliyoko kando ya barabara kuu hupokea madereva kila siku. Neno moja lililosemwa hapo baada ya sala lingefika mbali kuliko makala yangu haya.

Wazazi nao wajue kwamba kijana hawaogopi kwa sababu ya dini. Mara nyingi huogopa maneno ya watu. Akijua kwamba hata akikosea anaweza kupiga simu nyumbani, huenda siku ile akapiga.

Duka la Kibwezi nililifunga baadaye nikarudi Mombasa. Kabla sijaondoka nilikuwa nimebadili desturi yangu moja. Kijana akija kuninong'oneza juu ya kichwa cha jana, nilimvutia kiti, nikampa maji, nikamuuliza mambo mawili: "Ulikunywa nini? Na sasa waona vizuri?" Wengine walikasirika. Wengine walicheka. Watatu niliwapeleka hospitali kwa miguu yao wenyewe, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza tutasema nini Mombasa.